Plagini ya kupandisha saiti kwenye baketi inazingua? Anza na unachokiona

Plagini hizi zote, uwe unatumia ya webpack, ya Vite, ya Ember au kaskripti tu ka Node, kazi yake ni ileile, inachukua folda ya bildi (dist, build, public, vyovyote ulivyoiita), inapita faili moja baada ya jingine, inayarusha kwenye baketi (ghala la mafaili mtandaoni) ya S3 ya AWS au Google Cloud Storage au Azure au R2 ya Cloudflare, afu zingine zinafuta mafaili ya zamani na kusafisha keshi ya CDN (seva za katikati zinazotunza nakala za saiti). Ni hayo tu. Kwa hiyo kabla hujaanza kubadilisha plagini au kushusha vesheni, jua kwanza shida yako iko hatua gani: faili halijafika kwenye baketi, au limefika ila limebandikwa heda mbovu (yale maelezo yanayosafiri na faili), au limefika fresh kabisa ila kuna keshi katikati inakupa ya zamani. Watu wanapoteza siku nzima wanahangaika na ruhusa wakati faili lilishafika kitambo.

Komandi mbili zinatosha kujua:

aws s3api head-object --bucket saiti-yangu --key index.html
curl -I https://anwani-ya-saiti-yako/index.html

Ya kwanza inauliza baketi yenyewe, cheki LastModified, ContentType, CacheControl na ContentEncoding. Ya pili inauliza kile anachokiona mtu wa nje. Baketi ikisema faili ni la leo na curl ikileta la juzi, hiyo ni keshi, ruhusa ziache zilivyo. Baketi nayo ikisema la juzi, basi kupandisha ndo kumegoma. Na kingine, jaribu kupandisha faili moja kwa aws s3 cp ukitumia funguo zilezile na kwenye mashine ileile. Komandi ikipita na plagini ikagoma, shida iko kwenye konfigi ya plagini au kwenye SDK (maktaba ya kuongea na wingu) iliyobeba ndani. Plagini nyingi za zamani bado zimebeba AWS SDK ya JavaScript vesheni ya 2, ambayo AWS walishaacha kuihudumia tangu 8 Septemba 2025, kwa hiyo usitegemee kuna mtu atakurekebishia.

AccessDenied, 403

Hii ndo mama yao, na ina sababu nyingi, nenda nayo taratibu.

Kwanza, ni nani hasa anayepandisha? Andika aws sts get-caller-identity uone. Funguo zilizoko kwenye mazingira (AWS_ACCESS_KEY_ID na mwenzake) kwa kawaida zinashinda profaili iliyoko kwenye faili la credentials, so unaweza ukawa umeset profaili safi kabisa kumbe terminali bado imeshika funguo za akaunti nyingine uliyokuwa unafanyia kazi asubuhi. Na kinyume chake pia hutokea: konfigi yako inasoma process.env, ila hamna kitu kilichopakia faili la .env, kwa hiyo thamani ni undefined, SDK (hasa ile vesheni ya 2) inaweza isipige kelele, inatafuta sehemu nyingine yenyewe, inakuta profaili ya default na kuitumia hiyo. Unapata AccessDenied ya mtu mwingine kabisa. Ikikosa kote ndo utaona "Could not load credentials from any providers", na hiyo afadhali maana inasema ukweli.

Pili, ruhusa zenyewe. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuandika Resource moja kwa kila kitu. s3:ListBucket inahusu baketi, s3:PutObject na s3:DeleteObject zinahusu vilivyomo ndani, na anwani zake ni tofauti:

{
  "Effect": "Allow",
  "Action": "s3:ListBucket",
  "Resource": "arn:aws:s3:::saiti-yangu"
},
{
  "Effect": "Allow",
  "Action": ["s3:PutObject", "s3:GetObject", "s3:DeleteObject"],
  "Resource": "arn:aws:s3:::saiti-yangu/*"
}

Ile /* ya mwisho ukiisahau, kupandisha kunagoma. Ukiiweka kwenye ListBucket, kuorodhesha ndo kunagoma.

Kuna kamtego hapa ambako kanachanganya sana. Plagini nyingi kabla ya kutuma faili zinauliza kwanza "hili lipo?". Kama huna ListBucket na faili halipo, S3 haikujibu 404, inakujibu 403, maana haitaki kukuambia kama kitu kipo au hakipo. Sasa plagini inaona 403 inakufa palepale. Matokeo yake ni ya ajabu: mafaili ya zamani yanajiapdeti vizuri ila faili jipya likiingia tu kwenye bildi, diploi inaanguka. Ukiona tabia hiyo usitafute mbali, ongeza ListBucket.

Tatu, ACL (orodha ya nani anaruhusiwa kwenye kila faili). Ujumbe wake ni AccessControlListNotSupported, "The bucket does not allow ACLs". Tangu Aprili 2023 baketi mpya za S3 zinazaliwa ACL zikiwa zimezimwa na milango ya umma imefungwa, wakati plagini za enzi zile zinatuma public-read bila hata kukuuliza. Ndo maana konfigi ileile inafanya kazi kwenye baketi ya zamani ya ofisini na inagoma kwenye baketi uliyofungua wiki hii. Dawa yake ni kuondoa acl kwenye konfigi ya plagini (zingine zinataka uweke null au false, soma maelezo yake), sio kwenda kuwasha ACL kwenye baketi kama majibu mengi ya zamani yanavyoelekeza. Kuwaruhusu watu wasome fanya kwa polisi (policy) ya baketi, au bora zaidi iache baketi imefungwa na CloudFront (CDN ya AWS) ndo iwe na ruhusa ya kusoma.

Kama baketi inatumia ufunguo wa KMS (huduma ya AWS ya funguo za kusimba mafaili), PutObject peke yake haitoshi, unahitaji na kms:GenerateDataKey kwenye huo ufunguo. Wengi wanalisahau hili kwa sababu ujumbe ni uleule wa AccessDenied.

Makosa ya funguo na saa

InvalidAccessKeyId ni ufunguo uliofutwa au umekosewa. SignatureDoesNotMatch mara nyingi ni siri iliyobandikwa na nafasi au mstari mpya mwishoni, hasa ukiikopi kwenda kwenye siri za CI (mashine inayobildi na kudiploi yenyewe), ifute uibandike upya. Ukiona Node inalalamika kuhusu herufi isiyoruhusiwa kwenye heda ya authorization, ni ugonjwa uleule ila safari hii mstari mpya uko kwenye kitambulisho cha ufunguo.

ExpiredToken au funguo zinazokataliwa ilhali una uhakika ni sahihi: angalia herufi nne za mwanzo. AKIA ni za kudumu, ASIA ni za muda, na za muda haziendi bila tokeni ya tatu, AWS_SESSION_TOKEN. Kuna plagini zina sehemu mbili tu za kuweka funguo kwenye konfigi, hapo usizilazimishe, acha konfigi tupu na uweke zote tatu kwenye mazingira, SDK itazichukua yenyewe.

RequestTimeTooSkewed ni saa ya mashine. Ikipishana na ya AWS kwa zaidi ya dakika 15 unakataliwa. Hutokea sana kwenye kontena au mashine pepe iliyolala na kuamka, rekebisha saa maisha yaendelee.

PermanentRedirect, au "the region is wrong"

Baketi iko rijini nyingine (eneo zilipo seva za AWS). Plagini nyingi zinajiwekea us-east-1 usipotaja. Ujumbe wa AuthorizationHeaderMalformed huwa unakutajia kabisa rijini inayotakiwa, soma mpaka mwisho wa sentensi.

Kwa R2 rijini ni auto, na lazima uweke endpoint ya akaunti yako. Na kama unatumia R2 au MinIO au huduma yoyote inayoiga S3, na diploi ilikuwa inaenda vizuri ikaanza kugoma baada ya kuapdeti vifurushi, kumbuka kwamba SDK za AWS zilizotoka Januari 2025 zilianza kutuma cheksamu kwa kila faili bila kuombwa, na sio kila muigaji alikuwa amejiandaa. Weka AWS_REQUEST_CHECKSUM_CALCULATION=WHEN_REQUIRED kwenye mazingira ujaribu tena.

Logi inasema imefaulu ila saiti haijabadilika

head-object ikionesha faili la zamani, angalia vitu vitatu. Cha kwanza ni kwamba plagini imekimbia kabla bildi haijamaliza kuandika, kwa hiyo imepandisha dist ya jana. Kwenye webpack hii inatokea plagini ikijishikiza kwenye hatua ya mapema, inatakiwa isubiri afterEmit au done. Suluhisho la kibabe, na mimi nalipenda kuliko kuchezea hatua, ni kutenganisha: bildi ikimaliza ndo skripti ya pili ianze, "npm run build && npm run deploy", ukishafanya hivo habari ya nani katangulia imeisha.

Cha pili ni prifiksi (mwanzo wa jina la faili kwenye baketi). Ukiandika /saiti badala ya saiti, kwenye S3 hiyo mkwaju ya mwanzo inakuwa sehemu ya jina, ukifungua konsoli utaona folda isiyo na jina na mafaili yako yamo humo. Na ukidiploi kutoka Windows na plagini iliyounganisha njia kwa path.join, utakuta kitu kinaitwa assets\app.js, faili moja lenye mkwaju wa nyuma ndani ya jina, halina uhusiano wowote na folda ya assets. S3 haina folda kiukweli, ina majina marefu tu, kwa hiyo inapokea chochote unachoipa.

Cha tatu ni ulinganishaji, na hapa pana uhondo. Ili isitume kila kitu kila mara, plagini inalinganisha faili la kwako na la kwenye baketi. Nyingine zinatumia ukubwa na muda wa mwisho wa kubadilishwa, kama aws s3 sync. Kwenye CI kila faili lina muda mpya kwa sababu repo imeklonwa sasa hivi na bildi imefanywa sasa hivi, basi kila diploi inapandisha kila kitu, watu wanachoka wanaweka --size-only. Inakuwa haraka kweli! Ila tazama hii: index.html ya jana inaita app.3f9a1c.js, ya leo inaita app.b07e22.js. Kila kitu kingine ni kilekile. Idadi ya herufi ni ileile, ukubwa ni uleule mpaka baiti ya mwisho, na index.html inarukwa. Js mpya imefika, inakaa pale hamna anayeiita, na saiti inabaki ya jana bila kosa lolote kwenye logi. Usitumie --size-only kwa index.html, ipandishe kivyake bila kulinganisha.

Zinazolinganisha kwa ETag (alama ambayo baketi inalipa kila faili) ziko salama zaidi, ila ETag ni MD5 ya faili pale tu lilipopandishwa kwa mkupuo mmoja na bila KMS. Likipandishwa vipande vipande ETag inakuwa na kistari na namba mwishoni, haitalingana kamwe, na lile faili kubwa litapanda upya kila siku.

Ukurasa unadaunlodiwa badala ya kufunguka, au CSS haishiki

Content-Type. Plagini isiposema aina ya faili, S3 inaandika binary/octet-stream na Azure inaandika application/octet-stream, brauza ikiona hivo inaona bora ilihifadhi tu. CSS nayo, kwenye ukurasa wenye doctype ya kawaida, inakataliwa ikiwa heda haisemi text/css. Plagini nyingi zinakisia kwa kutumia mwisho wa jina, kwa hiyo wanaoumia ni mafaili yasiyo na mwisho (unapotaka /kuhusu badala ya /kuhusu.html) na aina mpya mpya ambazo orodha ya zamani haizijui, mfano .wasm, .mjs au .avif.

Sasa shida ni kwamba ukirekebisha konfigi na kudiploi tena, hamna kinachobadilika. Faili ni lilelile, plagini inasema halijabadilika, inaliruka, na heda mbovu inabaki. Lazima ulilazimishe lijikopi juu yake lenyewe:

aws s3 cp s3://saiti-yangu/ s3://saiti-yangu/ --recursive --exclude "*" --include "*.wasm" --content-type application/wasm --cache-control "public, max-age=31536000, immutable" --metadata-directive REPLACE

REPLACE inafuta heda zote za mwanzo, ndo maana nimeandika cache-control upya hapo juu, usipoiandika inapotea.

Maherufi ya ajabu, au ERR_CONTENT_DECODING_FAILED

Yote ni gzip (njia ya kubana mafaili). Ukiona takataka kwenye skrini, faili limebanwa ila halina Content-Encoding: gzip. Ukiona kosa la kufumbua, heda ipo ila faili halijabanwa, au lugha nyingine ya kubana imetumika. Mara nyingi ni plagini mbili zinapigana, moja inabana kwenye bildi na ya pili inabana tena wakati wa kupandisha. Chagua moja. Kama una CloudFront mbele, acha zote, iwashe yenyewe ibane, inabana mafaili ya kuanzia baiti 1,000 mpaka 10,000,000.

Baketi ina mpya, watu wanaona ya zamani

Kama faili halina Cache-Control kabisa, CloudFront kwa mpangilio wake wa kawaida inalishikilia masaa 24. Google Cloud Storage nayo faili la umma lisilo na maelekezo linapewa max-age=3600, yaani lisaa lizima unarifreshi unajiona mwehu.

Mpango unaofanya kazi ni makundi mawili. Mafaili yenye heshi kwenye jina (zile herufi kama 3f9a1c) yape "public, max-age=31536000, immutable", hayo hayabadiliki milele. index.html (na service worker kama unayo) yape no-cache, yaani brauza iulize kwanza kila mara kama kuna mpya. Karibu plagini zote zinakubali kuweka heda kwa patani ya jina, na kama yako haiwezi, iendeshe mara mbili na konfigi mbili. Usije ukaweka ile ya mwaka mzima kwa kila kitu. Kusafisha CloudFront kunasafisha CloudFront tu, brauza ya mtu aliyekwishapewa index.html ya mwaka mzima hauifikii, mpaka arifreshi kwa nguvu mwenyewe.

Kusafisha kwenyewe kunataka ruhusa ya cloudfront:CreateInvalidation, ambayo sio ya S3, kwa hiyo unaweza kuona mafaili yote yamepanda afu diploi ikaanguka mwishoni kabisa. Safisha /* ukitaka, inahesabiwa kama njia moja, na njia 1,000 za kwanza kila mwezi ni bure.

Na ukisikia watumiaji wanapata ChunkLoadError dakika chache baada ya diploi, ni mpangilio. Mtu alifungua saiti kabla, ana index ya zamani, anabonyeza menyu, brauza inaomba kipande cha js ambacho plagini imeshakifuta. Au index mpya imetangulia na vipande bado viko njiani. Panda mafaili yenye heshi kwanza, index.html mwisho kabisa, na ya zamani usifute kwenye diploi hiyohiyo. Yaache wiki kadhaa, uhifadhi wake ni hela ndogo sana ukilinganisha na kelele za watumiaji.

Ukirifreshi ukurasa wa ndani unapata 403 au 404

Hii kiukweli plagini haihusiki. Kama ni saiti ya React au Vue yenye ruta ya upande wa brauza, hamna faili linaloitwa /wasifu kwenye baketi, iambie CloudFront ikipata 403 au 404 irudishe /index.html na msimbo 200. Kama ni saiti ya kurasa nyingi na mwanzo unafunguka ila /blogu/ haifunguki, ni kwa sababu index.html ya kawaida ya CloudFront inafanya kazi kwenye mzizi tu. Ama utumie anwani ya S3 yenye s3-website ndani yake kama chanzo (haina HTTPS, kwa hiyo CloudFront itaongea nayo kwa HTTP), ama uandike kafankshini kadogo ka CloudFront kanakoongeza index.html mwishoni.

Baadhi ya mafaili hayapo

Kama kinachokosekana ni .well-known au chochote kinachoanza na nukta, ni glob (patani ya kuchagua mafaili), kwa kawaida inaruka vya nukta mpaka uwashe dot: true. Kama picha inaonekana kwako na kwenye wingu haionekani, linganisha herufi kubwa na ndogo, Logo.png na logo.png kwako zinaweza kuwa kitu kimoja ila kwenye baketi ni vitu viwili. Kwenye Azure kontena linaitwa $web, na sheli ikiona alama ya dola ndani ya nukuu mbili inadhani ni kigezo na kukupa patupu, tumia nukuu moja, '$web'. Fonti zikigoma huku faili lipo, hiyo ni CORS ya baketi (ruhusa ya saiti nyingine kusoma mafaili yake).

EMFILE au SlowDown

EMFILE ni plagini imefungua maelfu ya mafaili kwa pamoja. Punguza idadi ya yanayopanda kwa wakati mmoja, kuanzia 20 hivi panda taratibu. 503 SlowDown ni S3 inakuambia punguza, dari yao ni angalau maombi 3,500 ya kuandika kwa sekunde kwa kila prifiksi, na saiti ya kawaida haifiki huko.

Kwangu inapanda, kwenye CI haipandi

Siri hazijafika. GitHub haizipeleki kwenye pull request inayotoka kwenye forki, na GitLab ukiweka kigezo kama protected, tawi lisilo protected halikioni. Usichapishe siri kwenye logi kucheki, chapisha urefu wake tu, sifuri ikitokea umepata jibu.

Kibaya kuliko vyote ni CI iliyo kijani huku hamna kilichopanda. Hapo skripti imeita kupandisha bila await ikajifunga kwa process.exit kabla hakujaisha, au imelidaka kosa kwenye catch ikaliandika kwenye logi na kuendelea, Node inatoka na 0 na CI inaamini. Ndani ya hiyo catch weka process.exitCode = 1. Afu mwisho wa pipelini ongeza hatua moja inayovuta index.html kutoka kwenye anwani halisi na kutafuta ndani yake heshi ya bildi iliyotoka sasa hivi, isipoikuta ianguke nyekundu.